Krismasi ya mizimu pale York: jinsi ya kuuzunguka mji mkongwe usiku wa Desemba, hatua kwa hatua

Kila ikifika Novemba naanza kupata meseji za ndugu na marafiki, dada tunakuja Uingereza Desemba hii, tukaone nini, London taa tumeshaziona. Jibu langu halijabadilika miaka yote, nendeni York, na mtembee usiku.

York ipo kaskazini, Warumi ndo walioianzisha mwaka 71 baada ya Kristo, wakaja Waviking, wale mabaharia wa vita kutoka Skandinavia, wakaiteka mwaka 866 wakaiita Jorvik, na mpaka leo ukuta wake wa mawe bado umeuzunguka mji na vichochoro vyake ni vilevile vyembamba ambavyo watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibane. Na wengi wanauita mji wa mizimu kuliko yote Uingereza, matembezi ya kuongozwa usiku ya kusimulia mizimu yalianza pale 1973 na saivi yapo makampuni kadhaa, kila jioni utamwona mtu kavaa koti jeusi refu na kofia ndefu amezungukwa na watu wanaotetemeka, wengine baridi wengine uoga.

Sasa mtu atauliza, mizimu na Krismasi wapi na wapi? Kwa Waingereza vinaenda pamoja kabisa. Usiku wa Desemba huku ni mrefu sana, jua linazama saa tisa na dakika arobaini alasiri, na zamani watu walikuwa wanakaa mbele ya moto wanasimuliana habari za kutisha, kama sisi tulivyokaa na bibi paukwa pakawa mpaka kwenda chooni peke yako unaogopa. Hata Charles Dickens ile hadithi yake ya mzee bahili anayetembelewa na mizimu usiku wa kuamkia Krismasi aliitoa Desemba 1843, watu walishazoea tayari.

Kitu kimoja naomba mkishike kabla sijaanza kutaja mitaa. Mizimu ya York ina majina. Ni watu walioishi, wakauawa pale pale unaposimama, na ukijua jina la mtu na alichofanyiwa, ile baridi inayokupanda mgongoni ni tofauti kabisa na ya kushtuliwa na mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa watu, kituo kwa kituo, unaweza kutembea mwenyewe bila kulipa mtu yoyote.

HATUA YA KWANZA: SIKU NA SAA

Tarehe 25 Desemba treni hazitembei, nchi nzima, na tarehe 26 ni chache mno, kwa hiyo kama unatoka London au Leicester au popote usipange siku hizo labda uwe umelala York kwenyewe. Kutoka London unapanda stesheni ya King's Cross, ni kama masaa mawili tu. Soko la Krismasi pale Parliament Street, wanaliita la St Nicholas, linaanza katikati ya Novemba na linafungwa kabla ya Krismasi, na Jumamosi za Desemba jamani msijaribu, watu wanajaa mpaka mnatembea kama mnatoka uwanja wa mpira. Mimi nachagua Jumatatu mpaka Alhamisi, wiki ya pili au ya tatu ya Desemba.

Na kuhusu saa, hili limewakosesha watu wengi. Ukikata tiketi ya matembezi ya kuongozwa imeandikwa 7.30 pm, hiyo ni saa moja na nusu usiku yetu. Shangazi yangu alisoma 7.30 akajua saa saba na nusu mchana, akasimama mtoni peke yake kwenye upepo, kidogo aumwe. Wekeni alamu kwa saa za huku.

HATUA YA PILI: MIGUU NA KICHWA

Baridi ya York ni ya unyevu, mji upo kati ya mito miwili, Ouse na Foss. Nyuzi joto mbili tatu tu lakini inaingia mpaka kwenye mifupa. Vaa nguo nyingi nyembamba moja juu ya nyingine kuliko sweta moja zito, soksi mbili, kofia ya sufu ya kufunika masikio, glavu, alafu kiatu kiwe na soli yenye meno. Hili la kiatu nalisisitiza kwa sababu mitaa ya kale imetandikwa mawe, na mawe yakilowa usiku yanateleza kama sakafu iliyomwagikiwa mafuta, mwaka wangu wa kwanza nilienda na raba za kawaida nikaanguka nikakaa na goti lililovimba mpaka mwaka mpya. Kama huna koti usinunue jipya, mtaa wa Goodramgate una maduka ya chariti yanayouza mitumba, koti zuri la sufu unalipata kwa bei ya chakula cha mchana.

Na angalia habari za mto kabla ya kutoka. Ouse unafurika mara kwa mara majira ya baridi, njia ya kando ya mto pale King's Staith inazama yote. Tarehe 26 Desemba 2015 mji ulipata mafuriko makubwa, mamia ya nyumba maji yaliingia sikukuu hiyo hiyo. Baa ya pembeni ya mto inayoitwa King's Arms imeweka alama ukutani za kimo cha maji miaka mbalimbali, chungulia uone, zingine zinakupita kichwa.

HATUA YA TATU: MCHANA, KABLA GIZA HALIJAINGIA

Kuna vitu vinafungwa jioni kwa hiyo fika asubuhi. Ukuta wa mji una urefu wa kilomita tatu na kitu na unapanda bure, ila jioni wanafunga milango, basi tembea kipande cha kutoka karibu na stesheni mpaka Micklegate Bar. Hapa nieleze, York neno "bar" ni geti la mji, siyo baa, na neno "gate" ni mtaa, limetoka kwa Waviking. Ukiambiwa tukutane Micklegate Bar usiende kutafuta bia.

Simama chini ya geti hilo uangalie juu. Wiki ya Krismasi mwaka 1460 Richard, mtu wa ukoo wa kifalme aliyebeba cheo chenye jina la mji huu, Duke of York, alikuwa anadai kiti cha ufalme, akala sikukuu kwenye ngome ya Sandal, na tarehe 30 Desemba akatoka kupigana akauawa karibu na Wakefield. Kichwa chake walikileta hapa wakakitundika juu ya geti wakakivika taji la karatasi. Taji la karatasi! Na ukikaa mezani na Waingereza siku ya Krismasi utaona kila mtu anavaa taji la karatasi kichwani wakati wa kula. Sisemi kimoja kimetoka kwa kingine, ila mimi toka nijue habari ya Richard kila nikilivaa namkumbuka.

Hatua chache tu kutoka getini kuna Bar Convent, nyumba ya masista. Humo wamehifadhi mkono wa mtakatifu Margaret Clitherow, mkono wenyewe, mdogo, umekauka. Habari zake tutazikuta usiku, ila mkono uone mchana huu maana usiku ukisikia kisa chake utajua umeuona mkono wa nani.

Alafu vuka mto uende Yorkshire Museum. Watu wengi wanaokuja kwa ajili ya mizimu wanairuka hii na mimi ndo naipenda kuliko zote. Kuna mifupa ya dada mmoja aliyezikwa York miaka ya 300 na kitu, walimfukua mwaka 1901, na uchunguzi uliotoka 2010 ulionesha inaelekea asili yake ni Afrika Kaskazini. Alikuwa mtu wa uwezo, alizikwa na bangili za pembe za ndovu na bangili nyeusi za jiwe la jeti linalopatikana hukohuko Yorkshire, hereni, kioo, chupa ya bluu, na kipande cha mfupa kilichochongwa maneno ya Kilatini yanayosema dada, salamu, uishi ndani ya Mungu. Nilisimama pale muda mrefu. Miaka elfu moja na mia saba hivi, na kuna mtu alimwita dada. Na hakuwa peke yake, kaisari wa Roma Septimius Severus mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, alifia York tarehe 4 Februari 211. Kwa hiyo mtu asikwambie Mwafrika kwenye mji huu ni mgeni wa juzi.

Ukitoka hapo wahi kanisa dogo la Holy Trinity, Goodramgate, unaingia kwa kageti kembamba katikati ya maduka, usipoangalia unakapita. Sakafu imepinda kama mashua, viti vimezungushiwa mbao kama vizizi na hamna umeme wa kumulika kila kona. Wanasema Thomas Percy, Earl (cheo cha kikabaila) wa Northumberland, huwa anaonekana makaburini hapa anatafuta kichwa chake. Alimuasi malkia Elizabeth wa kwanza mwaka 1569, akakatwa kichwa pale mtaa wa Pavement Agosti 1572, na kichwa kikaenda Micklegate Bar, palepale ulipotoka asubuhi.

HATUA YA NNE: JIONI, ANZA DARAJANI

Saa kumi na moja jioni ni giza totoro na taa za sikukuu zimewashwa. Kwanza kula kitu cha moto, njaa na baridi zikikutana huwezi kusikiliza hadithi. Kwenye vibanda vya mbao vya soko wanauza mvinyo wa moto wenye mdalasini, machungwa na karafuu, na kwa sisi tusiokunywa ipo chokoleti ya moto. Harufu ya karafuu kwenye ile baridi, mimi mtu wa pwani, inanifanya nisimame hata kama sinunui.

Nenda mpaka Ouse Bridge. Tafuta bamba la kumbukumbu la Margaret Clitherow. Huyu mama alikuwa mke wa mwenye bucha, Mkatoliki kipindi ambacho kumficha padri nyumbani ni kifo. Walipomkamata mwaka 1586 alikataa kujibu mashtaka, maana angejibu wangewaleta watoto wake kutoa ushahidi. Adhabu ya kukataa kujibu ilikuwa kukandamizwa. Tarehe 25 Machi, hapa darajani, walimlaza chali, wakamuwekea jiwe lenye ncha chini ya mgongo, wakamfunika na mlango, wanasema ni mlango wa nyumba yake mwenyewe, wakapanga mawe juu. Alichukua kama robo saa kufa. Mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita akamtangaza mtakatifu, Papa huyo huyo aliyewatangaza mashahidi wa Uganda mwaka 1964, kwa hiyo Wakatoliki mliosoma habari za Karoli Lwanga na wenzake mtasimama pale darajani mkielewa bila kuelezwa sana.

Kutoka darajani fuata Clifford Street mpaka Clifford's Tower, mnara wa mawe juu ya kilima cha majani. Hapa nawaomba msipige picha za kuchekesha wala kuwatisha watoto. Tarehe 16 Machi 1190 Wayahudi wa York, watu kama 150, walikimbilia ndani ya ngome iliyokuwa hapa, kipindi hicho ya mbao, kundi la watu likawazingira. Wengi walichagua kufa kwa mikono yao kuliko kukamatwa, moto ukawaka, na waliotoka asubuhi baada ya kuahidiwa usalama waliuawa. Baadhi ya viongozi wa lile kundi walikuwa wanadaiwa pesa na hao Wayahudi, wakaenda kanisa kuu wakachoma hati za madeni. Chini ya kilima kuna bamba, lisome, kaa kimya kidogo, endelea. Matembezi mengine ya kuongozwa wanapaharakisha hapa, mimi naona ndo pa kutulia.

HATUA YA TANO: PAVEMENT NA SHAMBLES

Rudi katikati ya mji mpaka Pavement, alipokatwa kichwa yule Earl. Baa ya Golden Fleece ipo hapo, inatajwa kwenye kumbukumbu za mji toka 1503, na wenyewe watakwambia kuhusu Lady Peckett anayetembea kwenye ngazi usiku. Sakafu zake zimeinama kweli, nimepanda.

Kuvuka barabara tu ndo unaingia Shambles, na hapa usikimbie. Zamani ulikuwa mtaa wa mabucha, mwaka 1872 bado kulikuwa na mabucha 25 kwenye kamtaa haka kafupi. Ghorofa za juu zimejitokeza mbele mpaka nyumba za pande mbili kama zinanong'onezana, ilisaidia kuzuia jua lisiozeshe nyama. Angalia chini ya madirisha, kuna rafu pana za mbao walipokuwa wanapanga nyama, na juu yake kulabu za chuma bado zipo. Shika kulabu moja kwa kidole bila glavu. Baridi yake, alafu ukumbuke Margaret alikuwa anaamka kila siku kwenye mtaa huu huu, anasikia visu. Kuna kikanisa kidogo cha kumkumbuka namba 35, ingawa nyumba yake hasa inadhaniwa ni namba 10, mchana kinakuwa wazi unaweza kukaa ukasali.

Mchana Shambles ni foleni ya watu na simu. Njoo baada ya saa mbili usiku maduka yakishafungwa, mawe yamelowa, taa ya njano inamulika chini, unasikia viatu vyako mwenyewe.

Na watoto? Kuanzia miaka minane tisa hivi wanaweza, wadogo zaidi ya hapo mwishie nao Shambles mrudi. Habari ya mlango wa Margaret msiwaelezee yote, mwanangu alinisumbua wiki nzima. Kuna duka hapo Shambles linauza vizimu vidogo vya kushika mkononi, wapelekeni mchana, ndo kumbukumbu watakayoitunza.

HATUA YA SITA: STONEGATE NA KANISA KUU

Pita King's Square, shika Petergate mpaka Stonegate. Angalia juu namba 33, kuna shetani mwekundu amekaa amefungwa mnyororo, alikuwa alama ya wachapa vitabu. Mbele kidogo kuna bango la baa ya Ye Olde Starre Inne limekatiza barabara yote juu. Baada ya mapigano ya Marston Moor, kwenye vita vya Waingereza wenyewe kwa wenyewe, tarehe 2 Julai 1644 majeruhi walilazwa kwenye stoo yake ya chini ya ardhi, na wanasema vilio bado vinasikika. Sijavisikia.

Geuka urudi mpaka York Minster, kanisa kuu, walilijenga kuanzia 1220 mpaka 1472. Kutalii ndani unalipia ila ibada haina kiingilio, ukiweza ingia ibada ya jioni usikie kwaya. Kipindi cha Krismasi wanaweka mistleto kwenye altare kuu, ule mmea wenye matunda meupe unaoota juu ya matawi ya miti mingine, makanisa mengi zamani waliukataa kwa sababu ulikuwa wa dini za kale, York wakaukubali. Kanisa dogo la pembeni, St Michael le Belfrey, ndo alipobatizwa Guy Fawkes, yule wa njama ya kulipua bunge la Uingereza, mwaka 1570. Dick Turpin jambazi wa farasi aliyenyongwa 1739 kaburi lake lipo St George's, nje ya njia yetu, mimi huwa naliruka.

HATUA YA MWISHO: CHAPTER HOUSE STREET

Zunguka kanisa kwa nyuma mpaka Treasurer's House, nyumba ya kale, kwenye kichochoro cha Chapter House Street. Mwaka 1953 kijana wa miaka 18, Harry Martindale, fundi mwanafunzi, alikuwa kwenye ngazi chumba cha chini ya nyumba hii anafunga mabomba ya kupasha joto. Akasikia tarumbeta, mara kofia ya chuma ikatokea ukutani, chini ya kofia askari, nyuma yake farasi, alafu askari wengine wawili wawili, wachafu, wamechoka. Akaanguka kwenye ngazi akajibanza kona. Hawakumwangalia kabisa. Walikuwa wanaonekana kuanzia magotini kwenda juu tu, mpaka walipofika pale sakafu ilipochimbwa ndo akaona viatu vyao, maana barabara ya Kirumi ipo chini ya sakafu na wao walikuwa wanatembea juu ya barabara yao. Alikaa miaka mingi hasemi, akawa polisi, habari ikatoka miaka ya 70, na hakuibadilisha mpaka alipofariki 2014.

Nyumba usiku imefungwa, haidhuru. Zimeni simu zote, simameni katikati ya kichochoro, barabara ya Kirumi ipo chini ya miguu yenu, msiongee dakika tano. Mkimaliza pita mbele ya kanisa, shika Museum Street, vuka Lendal Bridge, ukiwa umevaa kiatu nilichokwambia stesheni ni kama dakika ishirini, na treni ya mwisho iangalieni toka asubuhi kwa sababu kuna siku inaondoka mapema kuliko mnavyodhani.